Usijaze Fomu Umesimama

Vijana wa ofisi ya ardhi waliponiaga walinipa saa ya ukutani. Sijui mtu asiyekwenda tena kazini anapewa saa ya nini, lakini nimeitundika sebuleni na inakwenda vizuri. Wao kwa upande wao waliniomba niwaandikie kidogo kazi ilivyokuwa zamani. Nimekubali, ila vyeo na mishahara naviruka. Vyeo vilinichelewa, mishahara ilikuja ikapita, na hakuna hata kimoja kitakachomsaidia kijana aliyesimama kwenye uwanja wa mtu na tepu mkononi. Nitaeleza nilivyofundishwa kazi, halafu nitaeleza siku niliyoiharibu.

Nilizaliwa Mukendo, hapa hapa Musoma, nyuma ya karakana ya baba. Baba alikuwa seremala, ukoo wake ulitoka Kongo enzi za babu. Mama alikuwa Mjita. Nyumbani kwetu tulizungumza Kiswahili tu, na kwa sababu hiyo nilikua najiona mjuaji kuliko watu wa shamba. Bendera mpya ilikuwa bado haijapauka nilipoajiriwa idara ya ardhi. Kazi yenyewe ilikuwa kubeba fito. Mnaziona siku hizi zimelala stoo, zile fito ndefu zilizopakwa nyeupe na nyekundu. Mtu anasimama mbali ameishika fito wima, mpima anamlenga kwa darubini. Kazi rahisi, mtasema. Haya, simama wima kwenye majani yanayowasha, saa sita ya mchana, bila kujikuna, huku mtu anapiga kelele "Kushoto! Si huko, kushoto yangu!"

Aliyenipokea alikuwa Mzee Sospeter, mtu wa Bunda. Nyumbani kwake alikuwa mkulima wa pamba, ila mnyororo wa kupimia aliushika tangu enzi za mkoloni. Alikuwa mfupi, mkimya, na alitembea hatua zilizolingana hata juu ya mawe, kwa maana alizoea kuhesabu. Siku ya kwanza aliona penseli yangu ina raba kichwani. Akaichukua, akaing'oa raba kwa meno, akaitema majanini.

"Sisi hatufutagi, kijana," akasema. "Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa, andika sahihi yake pembeni. Kosa lisomeke. Mtu akija baada yako ajue ulipojikwaa."

Nilikasirika, maana ilikuwa penseli mpya.

La pili alilonifundisha ni kufunga mzunguko. Hili mnalijua, lakini nalieleza kwa sababu litarudi huko mbele. Unaanzia kwenye bikoni, lile jiwe la mpaka. Unapima kwenda, unazunguka eneo lote, mwishoni unarudi kwenye bikoni ile ile. Ukitua juu yake, umefunga, na kipimo chako ni cha kuaminika. Ukitua pembeni, kuna mahali umedanganya, hata kama hujui ni wapi.

La tatu nililidharau. Tukifika kwa mtu kuandikisha mali yake, Mzee Sospeter hakufungua fomu mpaka akae. Kigoda, gogo, jiwe, lolote lile. Anakaa, anapokea uji, anauliza habari za mvua na za mifugo, halafu ndipo anatoa karatasi. "Usijaze fomu umesimama," aliniambia. "Ukisimama, mtu anaona askari. Anakujibu ili uondoke. Ukikaa anajua hutaondoka upesi, basi anakueleza vizuri." Mimi nilidhani anatafuta uji.

Miaka ikaenda, nikapandishwa kutoka kwenye fito hadi kwenye fomu. Azimio lilikuwa limekwisha kutangazwa, na nchi nzima ilitaka walimu. Kulikuwa na chuo kimoja cha walimu kando ya barabara ya kutoka Musoma kwenda Butiama. Jina lake silitaji. Kipo, na waliosoma pale hawana hatia. Chuo kikaambiwa kipokee wanafunzi wengi kuliko vitanda vyake, na pa kupanukia hapakuwepo, kwa sababu pande zote kilikuwa kimezungukwa na watu. Watu wenyewe ni wa kitongoji cha Kyamagoro, waliokuwepo pale kabla hata chuo hakijawekewa tofali la kwanza. Ikaamuliwa wahame. Kila mkuu wa kaya apewe kiwanja ng'ambo ya bonde, mahali ambapo sisi tulikuwa tumeshapigilia vigingi.

Kwenye mkutano na wanakitongoji, mkuu wa chuo alieleza vizuri, tena kwa adabu. Ardhi ni ya wote, elimu ni ya wote, watakaofaidi ni watoto wenu wenyewe. Watu walisikiliza. Mama mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Hao watoto wetu watakaolala hapa, likizo watarudi nyumbani wapi?" Watu wakacheka sana, mkuu wa chuo naye akacheka, na swali likaishia hapo. Nimelikumbuka mara nyingi tangu siku ile. Wala sisemi chuo kilikosea. Nimeona walimu waliotoka pale, wajukuu zangu wamefundishwa nao. Ninachosema ni kwamba swali lile halikujibiwa.

Kazi yetu ilikuwa kupita mji kwa mji. Huku Mara mtu akisema mji wangu ana maana ya uwanja wake, nyumba zake zote na zizi lake. Kila nyumba tuliipaka namba mlangoni kwa rangi nyekundu, tukaandika kwenye fomu nani mkuu wa kaya, nani wengine wanaokaa pale na uhusiano wao naye, halafu nyumba, miti na mazao. Wiki ya mwisho Mzee Sospeter akaitwa Kisorya kupima njia ya kushukia ziwani, penye kivuko cha kwenda Ukerewe. Nikabaki peke yangu, miji imebaki mingi, na Ijumaa, siku ya kukabidhi fomu, inakaribia. Nilijiona mkubwa kweli kweli.

Nilifika kwa Mama Wakuru asubuhi, anapepeta mtama. Mwanamke wa makamo, mrefu, sauti yake nzito; Wakuru ni jina lake mwenyewe, si la mtoto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa." Akanisogezea kigoda kwa mguu.

"Ahsante mama, nina haraka kidogo." Nikaegemeza ubao wangu kwenye mkono, nikafungua fomu. "Mkuu wa kaya hapa ni nani?"

"Ni mimi."

"Mume wako?"

"Alikufaga zamani."

Msichana mmoja alikuwa anapita na mtungi, mtoto mgongoni, mwingine ameshika nguo yake. "Na yule ni nani wako?"

"Ni mke wangu."

Nilicheka. Hata leo nikikumbuka kile kicheko uso unanichoma. "Mama, una maana ni mke wa mwanao?"

"Mtoto wa kiume sina. Ni mke wangu mimi. Nimemwoa kwa ng'ombe zangu."

Nilimsikia vizuri sana, sitaki kusingizia lugha. Nilimsikia, nikaamua mwenyewe kwamba haiwezekani, kwa hiyo hajui anachosema. Kando ya ukuta alikuwa amekaa mwanamume anatia mpini kwenye jembe. Akanyanyua kichwa, akanisemesha kwa Kiswahili safi cha ofisini.

"Afisa, andika mimi. Mwita, mdogo wake marehemu. Hawa wako chini yangu. Hayo mengine ni mambo ya mila, yatakupotezea muda."

Kwanza sikuwa afisa, na neno lile lilinipendeza mno. Pili, mambo yakawa yamekaa sawa kwenye karatasi: mwanamume mmoja, juu kabisa. Nikaandika Mwita, mkuu wa kaya. Robi, yule msichana, nikaandika mke. Watoto wawili, watoto. Mama Wakuru, shemeji. Mwita akaweka sahihi yake, nikapaka namba nyekundu mlangoni, nikaondoka. Mama Wakuru alikuwa bado ameshika ungo wake. Kigoda kilibaki pale pale alipokisogeza.

Wiki iliyofuata orodha ikasomwa kwenye mkutano wa kitongoji, mimi nikiwa nimesharudi Musoma. Mwita akasomewa viwanja viwili, kimoja cha mji wake mwenyewe, maana alikuwa na mji wake hatua chache tu kutoka pale, na cha pili cha mji wa Mama Wakuru. Jina la Mama Wakuru halikusomwa popote.

Siku mbili baadaye akaja mjini. Alipanda lori la pamba, akashuka sokoni, akaulizia ofisi yetu, akakaa kwenye benchi la nje. Nilipita mbele yake mara mbili, nikamsalimia kwa heshima zote, wala sikumkumbuka. Mara ya tatu akanishika mkono wa shati.

"Wewe ndiye uliyekataa kiti changu," akasema.

Basi safari hii nikakaa. Nilikaa pale benchini na Mama Wakuru akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mtoto mzito wa kuelewa.

"Mume wangu alikufa akaniachia mabinti wawili. Kwetu sisi mwanamke asiyekuwa na mtoto wa kiume, akifa, mji wake umekwisha. Ila tuna njia. Binti yangu mkubwa alipoolewa, ng'ombe zilikuja. Sikuzila mimi. Nilizipelekaga kijiji cha Buswahili, nikamwoa Robi. Robi ni mke wa mji wangu. Watoto anaozaa ni wangu, wanaitwa kwa jina langu. Hakuna mtu kule asiyejua. Mwita mwenyewe alikula nyama ya ile harusi, mafuta yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko."

Kwa Wakurya desturi hiyo inaitwa nyumba ntobhu, na majirani zao wengi wanayo pia kwa majina yao. Mwanamume anayezaa na huyo mke haulizwi, wala si kazi ya idara ya ardhi kumuuliza. Nilikuwa nimekaa Mara maisha yangu yote. Kilomita chache kutoka karakana ya baba yangu watu waliishi hivyo, na mimi sikuwa na habari.

"Sasa Mwita anasemaje?" nikauliza.

"Anasema serikali imeandika Robi ni mkewe. Anasema tukihamia kule ng'ambo, Robi na watoto watakaa kwake, na mimi nitajengewa kibanda nyuma. Robi analia. Anasema kama ndoa yangu haihesabiki, yeye hakai kwa Mwita, atachukua watoto arudi kwao." Akaniachia shati. "Unanielewa, mwanangu? Sikuja kudai kiwanja. Nimekuja kudai watu wangu. Umeninyang'anya kwa kalamu."

Niliona haya, sina neno jingine la kueleza. Nilitamani anitukane, lakini hakunitukana.

Nikaingia naye kwa afisa wetu. Alikuwa mtu wa mikoa ya mbali, msomi wa upimaji, si mtu mbaya. Alisikiliza mpaka mwisho, akakuna kidevu.

"Tatizo si wewe kuwa mkuu wa kaya, mama. Mjane anaweza kuandikwa. Tatizo ni huyu Robi. Fomu inataka uhusiano. Tuandike mkwe."

"Mkwe wa nani?" akauliza Mama Wakuru. "Huyo mwanangu wa kiume yuko wapi? Nionyeshe nimpe uji."

Afisa akajaribu tena. "Basi tuandike mtumishi wa nyumbani."

"Mtumishi? Si mlikuja mkatuambia siku hizi hakuna bwana wala mtumwa, sote ni ndugu?"

Afisa akakohoa kikohozi kirefu. Mwisho akasema kwamba Mwita ameshaweka sahihi, na yeye hawezi kuibatilisha sahihi ya mtu kwa maneno matupu. Tuna mpaka Jumatatu asubuhi. Tulete ushahidi wa ndoa ile, ulioandikwa, na usio na shaka. Baada ya hapo orodha inapelekwa juu, na ikishakwenda imekwenda.

Maandishi ya ndoa ile hayakuwepo popote duniani. Mama Wakuru akarudi kwake, nami nikakaa mezani nikitazama fomu yangu safi, haina hata doa.

Ijumaa jioni Mzee Sospeter akarudi kutoka Kisorya na furushi la samaki wakavu. Nikamweleza yote, sikuficha. Aliposikia mpaka mwisho aliniuliza swali moja tu.

"Ulikuwa umekaa?"

"Nilisimama."

Alilifunga upya furushi lake la samaki, polepole, kamba kwa kamba. Angenipiga kofi ningepata nafuu. Kisha akasema, "Kesho alfajiri njoo na baiskeli na daftari. Tunakwenda kuuliza ng'ombe."

Nilidhani anatania. Njiani akanieleza. Mahari kule haihesabiwi tu, inakaririwa. Kila ng'ombe anajulikana kwa rangi yake, pembe zake, mama yake, na waliokuwepo hawasahau mpaka kufa. Kama ng'ombe waliotoka mji wa Mama Wakuru ndio walioingia mji wa baba yake Robi, na watu wote wakawataja wale wale bila kusikilizana, ndoa imethibitika, na mwenye ng'ombe ndiye mwenye ndoa. "Tutapima kuzunguka," akasema. "Tuone kama inafunga."

Safari ya Buswahili kwa baiskeli si ya kusimulia, isipokuwa niseme kwamba Mzee Sospeter alikuwa amenizidi miaka ishirini na alinisubiri kwenye kila kilima. Tulimkuta baba yake Robi zizini. Tulikaa. Tulikunywa uji. Nilikaa mpaka miguu ikafa ganzi, mvua ya mwaka jana ikajadiliwa, ya mwaka huu ikajadiliwa. Mzee Sospeter alipouliza, yule baba akafumba macho, akaanza kuwataja huku anakunja kidole kimoja kimoja. Jike jekundu lenye nyota kwenye paji la uso. Jike jeusi lenye tumbo jeupe. Mwenye pembe moja iliyotazama chini. Mwenye madoa kama kanga, na ndugu yake asiye na madoa. Akaendelea hivyo hadi wa mwisho, fahali wa kijivu mwenye nundu iliyolalia kushoto. Nikaandika wote.

Kutoka hapo tukaenda kwa mshenga, kijiji cha jirani, naye hakujua tulikotoka. Akawataja wale wale, tena kwa mpangilio ule ule, ila yeye alikuwa na ndama mmoja zaidi. Mzunguko haufungi, nikasema kimoyomoyo.

"Huyo ndama baba yake Robi hakumtaja," Mzee Sospeter akasema.

"Hawezi kumtaja," mshenga akajibu. "Alizaliwa njiani, pale mtoni, tukiwapeleka. Hakuwa kwenye mahari. Tulimbeba tukampa kama zawadi."

Nikaandika ndama, na sababu yake pembeni.

Nilitaka turudi mjini. Tulikuwa na mashahidi wawili na kesho yake ni Jumapili. Mzee Sospeter akakataa. "Mzunguko unafungwa ulikoanzia," akasema. "Wewe ulianzia kwa nani?"

Nilianzia kwa Mwita.

Tulimkuta Mwita Jumapili ametoka kanisani, bado amevaa koti. Alituona akajua, uso ukajifunga. Mzee Sospeter akaomba kigoda, mimi nikakaa chini kabisa. Fomu haikutajwa. Walizungumza pamba, wakazungumza kupe, wakazungumza dawa ya kupe. Saa nzima ikapita. Mwita akaanza kulegea. Ndipo Mzee Sospeter akasema, kama mtu anayekumbuka kitu kidogo, "Jana nilikuwa Buswahili. Nimesikia walipataga fahali mmoja wa kijivu kutoka huku kwenu. Wanasema alikuwa dhaifu, hakuzaa kitu cha maana."

"Dhaifu?" Mwita akaruka. "Nani kasema? Yule fahali? Yule fahali nimemlea mimi kwa mikono hii! Mama yake alikufa, nikampa maziwa kwa chupa! Buswahili nzima ndama wa kijivu ni wa kwake! Nundu yake ililalia kushoto, dhaifu gani huyo?"

"Labda nimechanganya. Alikwenda peke yake?"

"Peke yake wapi! Alikwenda na jike jekundu lenye nyota, na jeusi la tumbo jeupe..." Akawataja wote, mmoja mmoja, anakunja vidole, macho yanang'aa. Penseli yangu iliwafuata. Alipofika kwa fahali akaongeza, "Na pale mtoni lile jike la madoa likazaa. Ndama huyo nilimbeba mimi begani, mpaka kwa baba yake Robi. Nililowa mwili mzima."

Nadhani alisikia mwenyewe alichosema.

"Walikwenda kumwoa nani?" Mzee Sospeter akauliza kwa upole.

"Robi."

"Wa mji wa nani?"

Mwita akatazama viatu vyake vya Jumapili. "Wa shemeji."

"Mwita, ndugu yangu, sasa ulisemaje vile kwa huyu kijana?"

"Mimi nilimwona amesimama na karatasi, anamcheka shemeji," Mwita akasema. "Nikajua serikali haitaandika kitu kama hicho. Kiwanja kingepotea bure. Nikasema bora kiwe changu." Akajifuta uso kwa mkono wa koti. "Halafu kikanoga. Sitasema uongo, kilininogea. Andika, kijana. Ng'ombe siwezi kuwasemea uongo."

"Na shemeji yako?" akauliza Mzee Sospeter.

Mwita aliweka sahihi chini ya orodha ya ng'ombe, kwa herufi kubwa, akaingia ndani. Mimi nilibaki nikitafakari yale maneno, amesimama na karatasi, anamcheka shemeji. Kumbe kicheko changu ndicho kilichomfungulia mlango.

Jumatatu asubuhi nikaweka daftari mbele ya afisa. Akasoma ukurasa wa kwanza, akageuza wa pili, akavua miwani.

"Hii ni nini? Sensa ya mifugo?"

"Ni mzunguko, ndugu," Mzee Sospeter akasema. "Vituo vitatu. Tumeanzia kwa Mwita, tumezunguka Buswahili, tumerudi kwa Mwita."

Afisa akavaa tena miwani. Alikuwa mpima, nimesema. Akalinganisha kurasa zile tatu kwa kidole, mstari kwa mstari, bila haraka. "Tofauti?"

"Ndama mmoja. Imeelezwa."

Afisa akanirudishia daftari. "Basi umefunga," akasema. "Sahihisha. Wa juu wakiniuliza nitawaambia tulipima."

Nilipiga mstari mmoja juu ya jina la Mwita, likabaki linasomeka. Pembeni nikaandika Wakuru, mkuu wa kaya. Kwenye uhusiano wa Robi neno lililokuwepo lilikuwa mke, na likabaki hilo hilo. Afisa akaweka sahihi kando.

Sitaki mdhani kila kitu kilinyooka. Viwanja vizuri vya karibu na kisima vilikuwa vimeshagawiwa, cha Mama Wakuru kikaangukia mwisho kabisa, penye mawe. Hilo nalo ni la kwangu. Siku ya kuhama nilikwenda kusaidia. Watu walibomoa nyumba zao wakabeba miti na milango, na Mama Wakuru alibeba mlango wake wenye namba yangu nyekundu. Mwita alibeba mhimili, akautua kwa shemeji yake, akaenda zake. Mama Wakuru alipokwisha kutua mzigo aliniona nimesimama, akatafuta kigoda katikati ya vyombo vyake, akakisogeza kwa mguu. Nilikaa haraka kuliko nilivyowahi kukaa popote.

Mzee Sospeter alistaafu baada ya hapo, akarudi kwenye pamba yake, na ameshafariki. Penseli yake iko kwangu.

Sasa niwaeleze wiki yangu ya mwisho kazini, ambayo mmoja wenu anaikumbuka. Simtaji, ni kijana mzuri. Alikuja mama mmoja mtu mzima kaunta, ametokea kule ng'ambo ya bonde, ana karatasi zilizokunjwa ndani ya kitambaa. Alitaka kubadilisha jina la mwenye kiwanja, maana mwenyewe amefariki. Mimi nilikuwa nyuma, nafunga mafaili yangu.

"Jina la marehemu?" kijana akauliza. Amesimama, ubao mkononi.

"Wakuru."

"Uhusiano wako na marehemu?"

"Alikuwa mume wangu."

Kijana akacheka. "Mama, Wakuru si jina la kike?"

Kicheko kile nilikijua. Kilikuwa changu, nilikiacha Kyamagoro miaka mingi nyuma. Niliinuka na goti langu bovu, nikachukua viti viwili. Kimoja nikampa Robi. Alinitazama, akanitambua, akatikisa kichwa kidogo tu. Cha pili nikakisukuma nyuma ya magoti ya kijana.

"Kaa," nikamwambia.

"Mzee, foleni imefika nje."

"Kaa."

Akakaa. Robi akafungua kitambaa chake, akalainisha karatasi magotini, akamtazama yule kijana usoni, na akaanza kumtajia ng'ombe mmoja mmoja, huku anakunja vidole, kuanzia jike jekundu lenye nyota.